Vijiti Vitano vya Naserian

Kanisani kwetu Kisaju wananijua kama mzee asiyepandisha sauti. Nimekaa kwenye baraza la wazee miaka mingi, nimepatanisha ndugu waliogombania mipaka, na humo sijawahi kugonga meza. Kwa hiyo ukisoma hapa kwamba nilikuwa na hasira, na kwamba bado ninayo, usidhani ndiyo tabia yangu. Naandika kwa sababu kuna mzazi au babu mahali fulani, pengine leo hii, anayekabidhiwa bahasha na kuambiwa kwamba mtoto wake mzima yumo ndani yake. Nataka asome haya kabla hajasaini chochote. Mimi nilisaini.

Mjukuu wangu anaitwa Naserian. Mama yake, Silantoi, ni binti yangu wa mwisho. Anauza vifaa vya ujenzi katika duka moja Kitengela, na mumewe ni dereva wa malori ya mbali ambaye tunamwona siku mbili tatu kwa mwezi. Mtoto amelelewa na mimi na mke wangu, ambaye pale nyumbani kila mtu humwita Koko, yaani nyanya, hata wasio wajukuu wake.

Alipougua alikuwa na miaka minane. Mvua ndefu zilikuwa zinaelekea kuisha na njia ya kwetu ilikuwa tope tupu. Jumatatu alirudi kutoka shule akilalamika kichwa. Jumanne alitapika. Jumatano asubuhi Koko alitaka kumvisha sweta, na shingo ya mtoto ikakataa kuinama. Koko aliiacha sweta ikaanguka chini, akaniangalia. Tulipofika hospitalini Kitengela alikuwa hanijui tena.

Walisema ni homa ya uti wa mgongo. Sitaueleza ugonjwa wenyewe, hiyo ni kazi ya madaktari. Mimi nilijua benchi tu. Lilikuwa benchi la chuma lenye mguu mmoja mfupi, na kila aliyeketi upande wa pili akiinuka, mimi nilishuka. Sindano zilikuwa za siku kumi na nne. Nilijifunza kuwatambua wauguzi kwa sauti ya viatu vyao. Mmoja wao alikuwa akiimba chini chini anapotafuta mshipa, wimbo wa watoto wa shule ya Jumapili, na Naserian, ambaye hakuwa anasema lolote, alikuwa anaugeuza uso wake kuufuata wimbo. Nilimshukuru Mungu kwa muuguzi huyo kila siku, nami nitaendelea.

Siku ya kumi na moja alifumbua macho akatujua. Tulilia, hata mimi. Lakini alikuwa amerudi kama mtoto mdogo. Maneno yalimpotea. Mkono wa kulia ulitetemeka, na uji ulimwagika kifuani kabla kijiko hakijafika mdomoni. Alikuwa na hasira na kijiko, akakitupa, tukakiokota, akakitupa tena. Basi nikamwambia kile ambacho baba yangu aliniambia mimi nilipoanza kuchunga.

"Naserian, usikimbilie kazi. Kabla ya kuanza, fumba macho, inamisha kichwa, mwombe Bwana kimya kimya. Halafu ndio uanze."

Akafanya hivyo. Kabla ya kijiko cha kwanza, kabla ya cha pili, kabla ya kuinuka kitandani, kabla ya kufunga kifungo. Mkono ukatulia kidogo. Yule aliyekuwa akimfanyisha mazoezi alisema, "Mzee, endelea na hiyo, inamsaidia." Nikaona fahari. Nasema ukweli, niliona fahari.

Alirudi shuleni muhula wa tatu, Gredi ya Tatu, nywele zikiwa zimenyolewa na miguu imekonda. Hazikufika wiki nne mwalimu mkuu akaniita. Ni mtu wa heshima, hatukosani kwa salamu. Alisema mtoto anaandika polepole mno, wenzake wakimaliza yeye hajafika nusu. Akiambiwa mambo matatu anafanya moja.

"Na iko kitu ingine, Mzee," akasema. "Anafumba macho. Katikati ya darasa, anafumba tu, ananyamaza. Unamwita, hasikii. Halafu anaamka anaendelea. Sisi si madaktari. Tuletee ripoti ya hiyo kichwa."

Tukampeleka kliniki moja ya binafsi Kitengela, ghorofa ya pili, juu ya duka la simu. Chumba cha kungojea kilikuwa na televisheni iliyokuwa ikionyesha vichekesho, na kila baada ya muda watu wasioonekana walicheka kwa pamoja. Mpimaji alitoka, kijana wa suti, akasema mtoto peke yake. Silantoi akasema, "Mimi ni mama yake." Akajibiwa kwamba wazazi huvuruga matokeo. Naserian alimsogelea mpimaji, akainamisha kichwa mbele yake, kama watoto wetu wanavyowasalimu wakubwa, akingoja aguswe utosini. Yule kijana alitazama saa yake, akamfungulia mlango. Mtoto akasimama pale na kichwa chake kimeinama, hadi nikamwambia, "Ingia, mama."

Alikaa humo ndani saa mbili na zaidi. Alipotoka alikuwa amejing'ata mdomo wa chini mpaka ukavimba.

Baada ya wiki mbili tukapewa bahasha. Mpimaji aliifungua mwenyewe. Ukurasa wa tatu ulikuwa na mchoro: vijiti vitano vimesimama kwenye mstari, viwili virefu, kimoja cha kadiri, viwili vifupi sana. Silantoi akaweka kidole hapo.

"Na hizi?"

"Hizo ni za wataalamu," akasema. "Nyinyi angalieni hapa." Akarudi kwenye ukurasa wa kwanza, akagonga kwa kalamu namba moja iliyoandikwa kwa wino mzito. "Hii ndio akili yake, yote kwa jumla. Iko chini."

Namba hiyo sitaiandika. Kwetu hatuhesabu ng'ombe, wala hatuhesabu watoto. Mgeni akikuuliza una watoto wangapi unamwambia Mungu amenipa, basi. Siku ile nilikaa nikaangalia mjukuu wangu amehesabiwa, nikasema, "Asante, daktari."

Chini ya namba kulikuwa na maelezo. Kwamba mtoto anakwepa kumtazama mtu usoni. Kwamba mara kwa mara wakati wa jaribio alifumba macho na kunyamaza, hasa mwanzo wa kila sehemu, na kwamba hiyo yaelekea ni dalili ya kifafa cha kimya kilichosababishwa na ule ugonjwa. Tukavushwa chumba cha pili, kwa daktari wa kliniki hiyo hiyo. Alisoma maelezo, hakumgusa mtoto, akaandika vidonge vya kifafa, asubuhi na jioni.

Na mimi nilipeleka ripoti shuleni mwenyewe, nimeifunga kwenye karatasi ya nailoni isilowe, maana mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Mwalimu mkuu aliangalia ukurasa wa kwanza tu. Alisema Naserian hawezi kuendelea na wenzake, kuna shule ya bweni ya watoto wenye ulemavu wa akili, mbali, upande wa Loitokitok, na nafasi ingepatikana mwaka ujao muhula wa pili. Sina neno baya juu ya shule ile. Kuna watoto inayowafaa, na wanaowatunza wanafanya kazi ya Mungu. Nilichoambiwa ni kwamba inamfaa wa kwangu.

"Saini hapa, Mzee. Ni kwa faida yake."

Nikasaini, kwa mwandiko wangu mzuri ninaoandikia kumbukumbu za kanisa. Sikuuliza swali hata moja. Mtu aliyesoma ameandika, mimi ni nani? Hiyo ndiyo heshima niliyofundishwa, na kwa heshima hiyo nilimtoa mjukuu wangu.

Vidonge vilifanya kazi yake. Kufikia Krismasi alikuwa amenenepa uso, na nywele zilizokuwa zimeanza kuota zilibaki kwenye mto. Koko alizikusanya kila asubuhi na kuzifunga kwenye kitambaa. Mkono uliokuwa umetulia ukaanza kutetemeka tena. Alilala mezani. Alilala kanisani. Januari alianza Gredi ya Nne, akakalishwa nyuma, karibu na mlango, kama mtu anayeondoka.

Na bado alifumba macho.

Mzee mwenzangu wa kanisa alinivuta kando baada ya ibada. "Pengine iko jambo hapo kwa boma hamjatubu," akasema. Nilimjibu kwa upole, nilimshukuru kwa kutujali. Leo ningemjibu vingine. Lakini sikuwa bora kuliko yeye, maana nilikwenda nyumbani nikaanza kumwombea mtoto kila siku saa kumi na moja jioni. Niliweka mkono juu ya kichwa chake, nikafumba macho yangu kwa nguvu, nikamsihi Bwana akiondoe hicho kitu kinachomfumba macho mtoto huyu. Nilifanya hivyo wiki tatu mfululizo.

Februari jua lilikuwa limechoma kila kitu. Jioni moja mbuzi walikuwa wanaingia bomani, wakisukumana langoni na vumbi limejaa. Naserian alikuwa ameketi kwenye kigoda cha Koko, amezubaa kwa dawa, mate yakimtoka pembeni ya mdomo. Nilidhani amelala.

"Babu," akasema polepole. "Yule wa sikio imeraruka hajarudi. Na mtoto wake."

Nilitazama. Mimi nimechunga tangu sijaota meno ya pili, na sikuwa nimeona. Kweli hawakuwepo. Tuliwakuta wamenaswa kwenye seng'enge ya ploti mpya kule chini, mama na mwana, wakingali hai.

Ninyi msiochunga mnaweza kuona ni jambo dogo. Sisi hatuhesabu kundi linapoingia. Tunamjua kila mmoja kwa rangi yake, pembe zake, mwendo wake, na aliyekosekana anajitokeza kwa kukosekana kwake. Ni lazima uwe unawajua wote kwa moyo. Niliketi juu ya jiwe nikashikwa na hasira. Nilikuwa sijaisikia hasira ya namna hiyo tangu ujana wangu.

Jumamosi Silantoi alipokuja nilimweleza.

"Baba, mbuzi si mtihani," akasema.

"Basi mtihani ndio iko na shida."

"Sasa wewe ndio unasema? Wewe ndio ulisaini! Mimi nilikuwa kazini, nikaambiwa mambo imeisha."

Koko alikuwa akichochea moto. Alisema bila kugeuka, "Mkimaliza kupigana, kuna yule muuguzi alikuwa anaimba. Muulizeni."

Tulimwendea. Alimkumbuka Naserian, akauliza mbona amevimba uso. Akatuelekeza kwa mama mmoja mwanasaikolojia katika hospitali ya umma Kajiado. "Huyo anasoma ripoti mpaka nyuma," akasema.

Foleni ya Kajiado ilianza saa kumi na mbili asubuhi. Tulikaa kwenye ukuta mfupi wa saruji pamoja na wanawake waliotoka hadi Bissil na Namanga. Mmoja alimkatia Naserian kipande cha chapati akamwambia, "Kula, hii foleni iko na njaa kuliko sisi." Watu walicheka, na Naserian naye. Nilikuwa sijasikia mjukuu wangu akicheka tangu mvua za vuli. Tuliitwa saa saba mchana.

Mwanasaikolojia huyo anaitwa Nyambura, umri wa Silantoi hivi. Naserian alimsogelea, akainamisha kichwa. Yule mama hakuwa wa kwetu, lakini aliacha kalamu, akaweka kiganja chake juu ya kichwa hicho kisicho na nywele, akakiacha hapo kidogo. "Supa, Naserian," akamsalimu kwa Kimaasai. Kisha akatuambia sote tuingie.

Alisoma ripoti yote. Tulingoja. Alifika ukurasa wa vijiti akauweka mezani mbele yetu, akaufunika ule wa kwanza kwa faili.

"Kuna mtu aliwaeleza hizi?"

"Alisema ni za wataalamu," Silantoi akajibu.

Alivuta pumzi. Alionyesha kijiti kimoja kimoja. Hiki kirefu ni maneno, jinsi anavyoelewa na kueleza. Hiki kirefu kingine ni kufikiri, kuona namna vitu vinavyohusiana. Hiki cha kadiri ni macho na maumbo. Hivi viwili vifupi ni kushika orodha ya mambo kichwani kwa muda, na kasi ya mkono na jicho. "Ule ugonjwa huwa unafanya hivi," akasema. "Unaguza mahali, unaacha mahali. Sasa vijiti vikiachana hivi, ukivichanganya ukagawanya, ile namba unapata si ya mtu yeyote. Hakuna mtoto anaishi hapo."

Nikamwambia, "Ni kama mtu aangalie boma yangu, aone fahali mnono na ndama anayekufa, halafu aseme ng'ombe wa huyu mzee wako katikati."

"Na wewe uache kutibu ndama," akasema.

"Na niuze fahali."

Hakucheka. "Ndivyo walifanya, Mzee."

Hapo ndipo nilipogonga meza, mara yangu ya kwanza. Kikombe cha kalamu kikaanguka. Niliomba radhi, naye akasema kikombe hakina neno.

Akamtolea Naserian vipande vya mbao vyekundu na vyeupe na kumwonyesha picha ya kuiga. "Ukiwa tayari, anza." Mtoto akaangalia picha, akafumba macho, kichwa kikainama.

Silantoi akanong'ona, "Ndio hiyo, imeanza."

Nyambura aliinua kidole tunyamaze. Hakuita jina lake, hakupiga makofi. Alingoja. Naserian alipofumbua macho na kunyoosha mkono kwenye mbao, yule mama akamuuliza, kama mtu anavyomuuliza mwenzake alikotoka:

"Ulikuwa unafanya nini hapo?"

"Nilikuwa naomba."

"Kila saa ukifunga macho, huwa unaomba?"

"Eeh."

"Nani alikwambia?"

Naserian akanigeukia. Hakuwa na wasiwasi wowote. "Babu. Alisema usikimbilie kazi."

Silantoi alikuwa amefunika mdomo.

"Na watu wakikuita, mbona huitiki?"

"Nitaongeaje na mtu na bado naongea na Mungu?" akasema mtoto.

Yule mpimaji alikaa naye zaidi ya saa mbili, saa ikikimbia mezani, akamwona akifumba macho mwanzo wa kila sehemu, akaandika ugonjwa. Daktari alisoma, akaandika vidonge. Mwalimu alimwona tangu muhula wa tatu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali la maneno manne. Na mimi? Mimi niliyempa maombi hayo kwa mkono wangu, mbona sikujua? Nilikaa na swali hilo njia yote ya kurudi, na jibu lake ni la aibu. Sikuwahi kumwona akiomba. Kila mara tulipoomba pamoja, mimi nilikuwa nimefumba macho. Wiki tatu nilimsihi Bwana aondoe kitu kinachomfumba macho mjukuu wangu, na chini ya kiganja changu alikuwa amefumba macho akiomba pamoja nami.

"Wewe na maombi yako," Silantoi aliniambia tuliposhuka kwenye matatu. Alisema mbele ya watu, na binti yangu hajawahi kunisemesha hivyo. "Nywele za mtoto wangu, Baba. Nywele!" Alikuwa na haki, naye alikuwa amekosea pia, na sikuwa na namna ya kusema yote mawili.

Nataka niwe mkweli kwa wanaosoma wakiwa na mgonjwa nyumbani. Hatukutupa vidonge. Nyambura alitupeleka kwa daktari wa watoto, mtoto akabandikwa nyaya kichwani na kupimwa, akapimwa tena siku nyingine, na kifafa hakikuonekana. Ndipo daktari akaanza kupunguza dawa kidogo kidogo, akimwangalia, mvua ndefu zote, hadi Juni. Kuna watoto wanaoishi kwa dawa hizo, usiziguse kwa sababu umesoma habari za mjukuu wangu.

Na usidhani kwamba maombi yalieleza kila kitu. Nilitaka iwe hivyo. Nilimwambia Nyambura kwamba vile vijiti vifupi basi ni vya uongo. Akasema, "Hapana, Mzee. Hasira yako iko sawa, lakini usininyang'anye hivi vijiti." Alimpa kazi nyingine, akamwambia aombe mara moja tu, mwanzo. Mkono ulibaki wa polepole. Maagizo matatu yalibaki kuwa mengi. Homa ilichukua ilichochukua. Alichotaka ni vile vifupi visaidiwe na vile virefu viachwe vifanye kazi. Apewe agizo moja kwa wakati mmoja, akae mbele, aongezewe muda wa mtihani. Aliyaandika hayo kwa barua, na namba ile hakuitaja.

Nilipeleka barua shuleni Aprili, wiki ya mwisho ya muhula. Mwalimu mkuu aliisoma akairudisha kwenye bahasha.

"Mzee, nafasi ya Loitokitok imeshatoka. Wamenipigia. Na hapa umesaini mwenyewe." Akanionyesha.

"Nilisaini nikiwa sijaonyeshwa."

"Lakini ripoti ni ripoti."

"Uliufungua ukurasa wa tatu?"

Akaanza kupanga karatasi zake.

"Nauliza, mwalimu. Uliufungua?"

"Mzee, niko na watoto mia—"

"Usinihesabie watoto!" Watu waliokuwa nje walisikia. Karani alichungulia dirishani. "Huyu ni mmoja. Umemkalisha mlangoni miezi mitatu. Umeona akifumba macho mihula miwili, wewe ni mkristo, unaomba kwenye gwaride kila Jumatatu, na hukufikiria siku moja kwamba mtoto anaomba? Mimi sikufikiria, mimi babu yake! Tumekosa wote wawili. Lakini mimi nimekuja kusema nimekosa. Wewe unanionyesha saini."

Nilikuwa nimesimama. Alichukua ripoti kwenye faili, akafungua ukurasa wa tatu, akausoma akiwa amesimama, pamoja na barua. Hakuomba msamaha, na hajaomba mpaka leo. Alisema, "Muhula mmoja. Afanye mtihani wa mwisho wa muhula na muda wa kuongezwa. Akishindwa, anaenda."

Hiyo ndiyo rehema niliyopewa. Niliichukua.

Mei, Juni, Julai. Vidonge vilipungua kuwa nusu, kisha robo, kisha vikaisha. Uso ulirudi. Koko alimpaka mafuta kichwani kila asubuhi, na nywele ziliota laini, kama za mtoto mchanga. Silantoi alianza kuja kila Jumapili, na siku moja alinikuta nikimfundisha mtoto kusoma saa, akaketi nasi. Naserian na mimi tulifanya mapatano. Shuleni ataomba mara moja tu, langoni, kwa siku nzima.

"Na nikisahau kitu kwa hiyo ya lango?" akauliza.

"Mungu ataelewa."

"Na mwalimu?"



Mtihani ulikuwa wiki ya kwanza ya Agosti, baridi kali, ukungu hadi saa nne. Siku ya mwisho nilisimama kwenye uzio. Wenzake walitoka mbio, wakajaza uwanja kwa kelele, yeye hakutoka. Nilimwona kupitia dirisha, dawati la mbele, mkono unakwenda polepole, na mwalimu wa darasa ameketi akisahihisha vitabu, akingoja. Kengele ya chakula ililia. Akaendelea. Alipotoka vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa baridi.

"Nimemaliza, Babu."

"Yote?"

"Yote. Walikuwa wananicheka ati konokono. Nikawaambia konokono hajawahi kupotea nyumba."

Matokeo yalikuwa kama vijiti vyake. Kusoma na kueleza, juu kabisa ya darasa. Hesabu za haraka, chini. Mwalimu mkuu aliyatazama akasema, "Hayako sawasawa." Nikamwambia hayatakuwa. Akachukua ile karatasi niliyosaini, akaichana mara mbili, akaitia kikapuni, akaniuliza kama mvua imefika upande wetu. Nikamjibu bado.

Naserian yuko Gredi ya Tano sasa, shule ile ile. Mimi bado nina hasira. Nimeiombea iniondoke na haijaondoka, nami nimeacha kuiombea. Ninamshukuru Mungu kwa uhai wa mtoto, kwa muuguzi aliyeimba, kwa kiganja cha mwanamke wa Kajiado, na shukrani hiyo na hasira hii zinakaa nyumba moja bila kusumbuana.

Ukipewa bahasha, fungua mpaka mwisho. Omba uonyeshwe kila kijiti kwa jina lake. Kisha muulize mtoto mwenyewe.

Jioni bado tunaomba, yeye, Koko na mimi, mbuzi wakishaingia. Naserian anafumba macho na kuinamisha kichwa, midomo inacheza kidogo, na akifika kwa jina la mama yake hukunja uso kama mtu anayesoma maandishi madogo. Najua hivyo kwa sababu siku hizi mimi naomba macho yangu yakiwa wazi.